Talaka, watoto, ajali kazini: muone wakili kabla wazee hawajakaa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hili nimelisema misibani na harusini mpaka wengine mmeshanizoea, leo naliandika. Ukiwa na mgogoro wa ndoa au wa watoto, au umeumia kazini, muone wakili kabla kikao cha wazee hakijakaa. Sisemi wazee wasikae. Mimi mwenyewe ndoa yangu iliwahi kuokolewa na wazee. Nasema kikao kikae wakati mwenye shida anajua tayari sheria ya nchi hii inampa nini na inamnyima nini.

Kinachonisukuma ni dada mmoja tunayefahamiana hapa Leicester. Ameridhia niandike, mradi nisimtaje. Aliolewa hapa hapa, nikaha ikasomwa sebuleni kwa mjomba wa mume, mashahidi wapo, mahari ikalipwa, watu wakala pilau. Wakazaa watoto wawili. Nyumba ikanunuliwa kwa jina la mume, dada akachangia mkopo kwa mshahara wake wa kuhudumia wazee majumbani. Baadaye mume akamwacha kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wazee walikaa wakaamua apewe vyombo vyake na matumizi ya eda, naye akakubali akijua ndiyo haki yake yote. Siku aliyofika kwa wakili ndipo akaambiwa kwamba mbele ya sheria ya England hajawahi kuwa mke wa mtu.

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia, na kina mama zaidi. Nikaha ya nyumbani, bila kupeleka taarifa kwenye ofisi ya msajili na bila mtu aliyeidhinishwa kusajili ndoa, kiserikali si ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sherehe ya namna hiyo haihesabiki hata kuwa ndoa batili. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mwenye ndoa batili bado anaweza kuiomba mahakama igawe mali. Asiye na ndoa kabisa hawezi. Kilichobaki kwa dada yetu kilikuwa matunzo ya watoto, kwani baba ni baba hata bila cheti, na kudai sehemu ya nyumba kwa kuthibitisha kwamba alichangia. Alikwenda kwa wakili na mfuko wa Tesco uliojaa karatasi za benki. Kila mwezi alipomtumia mume hela, kwenye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika “nyumba”. Wakili alichukua kalamu akaizungushia duara kila mstari wenye neno hilo, ukurasa baada ya ukurasa.

Aliyeoa au kuolewa Tanga, Unguja au Mombasa hali yake ni nyingine. Ndoa iliyofungwa kihalali kule inatambulika huku, ya msikitini ikiwemo, kwa hiyo kitunzeni cheti. Kikiwa cha Kiswahili, mahakama itataka tafsiri iliyothibitishwa. Na ndoa hiyo haivunjwi kwa kutamka. Talaka iliyotolewa kwa mdomo au kwa simu ndani ya nchi hii inaweza kuwa sahihi kidini, lakini kisheria mngali mume na mke mpaka mahakama itoe amri. Mabaraza ya kisharia yanamsaidia mwanamke kupata talaka ya dini, na wengi wanaihitaji kwa amani ya nafsi. Uamuzi wao kuhusu nyumba au watoto hauna nguvu mahakamani.

Talaka yenyewe sasa si ngumu kama zamani. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, England na Wales, huhitaji kueleza nani kakosa. Mkishatimiza mwaka mmoja wa ndoa, mmoja wenu au wote wawili mnaomba mtandaoni, mnasubiri wiki 20, inatoka amri ya kwanza, mnasubiri wiki 6 nyingine, ndipo mnaomba ya mwisho. Ada inazidi pauni 600, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kupunguziwa au kusamehewa. Kwa hatua hii wengine hawahitaji wakili kabisa.

Wakili anahitajika kwenye mali. Amri ya talaka inavunja ndoa, haifungi madai ya fedha. Mkishakubaliana nani anachukua nini, makubaliano yaandikwe na jaji ayaidhinishe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimruhusu mwanamke aendelee na madai dhidi ya mtalaka wake aliyeachana naye mwaka 1992, kwa sababu suala la fedha halikuwahi kufungwa. Na wale ambao waume zao hukimbilia Dar kuchukua talaka huko wakidhani wamemaliza, jueni kuna sheria ya mwaka 1984 inayoiwezesha mahakama ya huku, ikikupa kibali, kugawa mali hata kama talaka imetoka nje. Sharti moja limewaponza watu: ukiolewa tena kabla ya kuomba, mlango huo umefungwa. Eda ikiisha wachumba wanakuja haraka, kwa hiyo ombi litangulie.

Kuhusu watoto, naomba mnisikilize vizuri. Ule utaratibu wetu wa kumpeleka mtoto kwa bibi yake akapoe, huku unaweza kukufikisha jela. Kumtoa mtoto nje ya nchi bila ridhaa ya kila mwenye haki za mzazi kisheria au ya mahakama ni kosa la jinai. Mwenye amri kwamba mtoto anaishi naye anaruhusiwa kumtoa kwa muda usiofikia mwezi, basi. Nimewaona kina mama wema kabisa wakikata tiketi kwa hasira za wiki moja. Mkishindwa kuelewana, kabla ya kufungua kesi kwa kawaida mtatakiwa kuonana na msuluhishi, isipokuwa kama kuna ukatili. Usuluhishi huo hauko mbali sana na kikao chetu, ila msuluhishi hana undugu na upande wowote.

Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali umeondolewa kwenye kesi nyingi za familia. Umebaki kwa aliyefanyiwa ukatili mwenye ushahidi: barua ya daktari, kumbukumbu ya polisi, nyumba ya hifadhi. Kipato chako nacho kinaangaliwa. Ndiyo maana nasema ukipigwa, mwambie daktari wako hata kama huna nia ya kushitaki. Na wewe uliyekuja kwa viza ya mwenza, unayetishwa kila siku kwamba ukiondoka nyumbani utarudishwa, upo utaratibu kwa ajili yako: kibali cha miezi 3 chenye haki ya kufanya kazi na kupata msaada wa serikali, wakati unaomba makazi ya kudumu kwa sababu ya ukatili. Usikae kwenye kipigo kwa kuogopa viza.

Ajali kazini nitaipitia kwa ufupi. Muda wa kudai ni miaka 3, na mwajiri analazimika kuwa na bima, hivyo fidia hutoka kwa kampuni ya bima. Ukianguka ghalani au ukiteguka mgongo ukimnyanyua mgonjwa, andikisha kwenye kitabu cha ajali siku ile ile, piga picha, nenda kwa daktari. Mawakili wengi huchukua kesi hizi kwa mpango wa ukishindwa hulipi. Ukishinda, ada yao ya ushindi haitakiwi kuzidi robo ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwishapita. Ya matibabu na mishahara ya mbele haiguswi. Waulize pia kuhusu bima wanayokukatia, nani anailipa. Anayekupigia simu bila wewe kumtafuta, eti amesikia umepata ajali, kata simu. Simu za hivyo zilipigwa marufuku mwaka 2018.

Jina la wakili yeyote liangalieni kwenye orodha ya Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili. Mtu wetu anayejaza fomu za viza kwa pauni 50 hafai kwa kesi ya nyumba, hata kama anaongea vizuri. Citizens Advice na vituo vya sheria wanatoa ushauri wa bure. Nenda na karatasi zimepangwa kwa tarehe.

Mkalimani wa kesi ya familia kwa kawaida analipiwa na mahakama, ukiomba mapema. Usimtegemee mwanao, wala binamu wa mume. Na unapoomba, eleza ni Kiswahili cha wapi, maana mtu wa Bukavu akiletewa mkalimani wa Pemba, muda mwingi wa kesi utaishia kwenye kuelewana.