Dhahabu yangu ilipokataa kuwa nyekundu

Wiki sita nilipika dhahabu maabara hapa Dar, na wiki sita ikanikatalia. Nasimulia kwa sababu nasikia wadogo zangu bado wanapewa ushauri ule ule ulionipoteza mimi.

Nilitaka kusafisha maji machafu kwa jua. Unga mweupe wa titani dayoksaidi, huo huo unaotiwa kwenye rangi za nyumba, ukipigwa na mwanga unavunjavunja uchafu wa kemikali. Ila unahitaji urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 387 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na huo ni takriban asilimia 5 tu ya jua linalotuchoma. Ndipo dhahabu inapoingia. Ikiwa chembe za nanomita 15 au 20, elektroni zake huyumba kwa pamoja mwanga unapozipiga, mithili ya ngalawa zilizotia nanga Msasani wimbi linapoingia. Kuyumba huko ndiko plazmoni ya uso. Chembe hunasa mwanga wa kijani, karibu na nanomita 520, na baadhi ya elektroni zilizopata nguvu huruka zikaingia kwenye unga wa titani, nao ukafanya kazi hata kwa mwanga unaoonekana.

Chembe nilizipika kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951: unachemsha chumvi ya dhahabu, unatia sitreti (chumvi ya asidi ya limau), unasubiri iwe nyekundu kama juisi ya rozela. Yangu iliishia zambarau, ikawa bluu ya kijivu, na asubuhi nikakuta matope meusi chini ya chupa. Mara nne! Na gramu moja ya chumvi ile ilikula kodi ya miezi kadhaa ya chumba changu Mabibo.

Kazi hii inataka maji yasiyo na chumvi, na mtambo wa kukeneka maji ulikuwa mbovu. Kaka mmoja aliyenitangulia akaniambia, "Mdogo wangu, chemsha maji ya kisima, uchafu wote unaondoka." Nikamwamini. Kumbe kuchemsha kunaua vijidudu tu. Chumvi haiendi popote, na maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea. Sitreti huzipa chembe chaji hasi ili zisukumane. Chumvi huidhoofisha chaji hiyo, chembe zikashikana. Niliyajua haya siku niliyodondoshea maji yale naitreti ya fedha, kemikali inayofichua kloridi, yaani sehemu ya chumvi ya kawaida. Palepale yakawa meupe kama tui. Kloridi!

Nikatoka mbio hadi kituo cha mafuta, nikanunua maji ya betri, yaliyoondolewa chumvi, chupa mbili kwa elfu chache. (Soma lebo vizuri, maana ipo na ya asidi.) Nikadondosha naitreti: yakabaki maangavu. Nikasuuza vyombo vyote kwa hayo, nikabandika jikoni upya. Umanjano ukafifia, ukaja ukijivu, ikaja zambarau, halafu mbele ya macho yangu ikaiva nyekundu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kuzipachika chembe kwenye titani hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kuthibitisha. Usipime kwa rangi iitwayo bluu ya methilini, nakusihi; inanyonya mwanga na kufifia yenyewe, utadhani kichocheo chako kinafanya maajabu. Mimi nilihamia fenoli, uchafu wa kemikali usio na rangi. Wapo walionishauri niongeze dhahabu. Niliongeza, kazi ikadorora, kwa sababu chembe zikizidi zinaufunika unga. Nikarudi kwenye asilimia 1 ya uzito.

Kuuzuia urujuanimno wa taa nako kulitaka akili, kwani vichujio vya kioo ni ghali. Niliyeyusha sodiamu naitraiti, nikaijaza kwenye chombo bapa cha kioo na kukisimamisha kati ya taa na chupa zangu. Myeyusho ule humeza mwanga wa chini ya nanomita 400, unaoonekana unapita. Naionea fahari mbinu hiyo kuliko yote.

Baada ya saa tano, fenoli kwenye titani tupu ilikuwa karibu ile ile niliyoanza nayo. Penye dhahabu, zaidi ya robo ilikuwa imekwisha. Chupa ya tatu, yenye dhahabu pia, niliiweka gizani na kuipasha joto lile lile. Haikupungua kitu. Basi kazi ni ya mwanga, si ya joto.