Pumu inayofuata tarehe za mwezi

Hedhi ikikaribia, kifua changu kinabana. Naamka usiku wa manane nikikohoa, kifua kinalia filimbi, na inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, nalala nayo chini ya mto. Damu ikishatoka siku mbili tatu, natulia. Miaka yote nimeambiwa ni vumbi, mara baridi, mara mawazo. Sasa vumbi la Dodoma si lipo mwezi mzima?

Wanawake wenzangu wenye pumu, haya si mawazo yenu tu. Seli za masti, zile za kinga ya mwili zinazotunza histamini, zina vipokezi, yaani sehemu za kupokea, vya estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikizigusa, zinakuwa nyepesi kuimwaga, na histamini ndiyo inayovimbisha njia za hewa na kuwasha ngozi. Testosteroni, homoni ya kiume, yenyewe hupooza ile kinga inayochochea mzio. Halafu siku za mwisho kabla ya hedhi, estrojeni na projesteroni, homoni nyingine ya kike, zinaporomoka kwa pamoja, na wengi wetu ndipo tunapobanwa.

Homoni hizo ni sehemu ya sababu ya pumu kuwasumbua zaidi wavulana utotoni, kisha baada ya kubalehe ikahamia kwa wasichana. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akikimbizwa hospitali mgongoni kwa baba. Sauti ilipoanza kuwa nzito, pumu ikamwacha. Mimi nikaanza kubanwa nilipovunja ungo, na bibi akashikilia kwamba kaka amenirushia.

Mimba nayo ina mambo yake: takriban theluthi moja ya wanawake pumu huzidi, theluthi hupungua, waliobaki haibadiliki. Nawasihi, msiache inhela kwa kuogopea mtoto. Mama akikosa hewa, na mtoto anakosa.

Nilianza kuandika tarehe za hedhi kwenye daftari, pembeni nikiweka namba za kile kibomba cha kupima pumzi. Daktari alipoliona hakuhitaji maelezo marefu. Akasisitiza inhela ya kinga niivute kila siku, hata nikijisikia mzima. Kisha akaniuliza maumivu ya chango natuliza kwa dawa gani. Nikamtajia diklofenaki. Akaniambia hiyo, ibuprofeni na aspirini huwabana kifua baadhi ya wenye pumu, akanihamishia kwenye parasetamoli. Dada, kama nawe unameza hizo kila mwezi, mwambie daktari wako.