Siku mto ulipotugeuka

Jumamosi usiku

Nimeoga mara mbili na bado nanuka tope la mikoko. Viatu nimeviacha nje kwenye ngazi, sitaki kuvitazama leo. Sauti imekauka kwa kuhesabu: watoto 46 kupanda kosta, 46 kushuka, 46 kula, 46 kwenda haja. Hesabu ya mwisho, pale getini, niliirudia mara tatu kwa sababu nilipata 47. Kumbe mdogo wa mmoja wao alikuja kumpokea kaka yake akajipanga mstarini.

Basi, niandike kabla sijalala, maana kuna jambo limenikaa kichwani tangu saa sita mchana.

Kwa miaka tisa nimefundisha mada ya mito kwa mchoro uleule. Nachora mlima upande wa kushoto wa ubao, bahari upande wa kulia, na mstari uliopinda katikati. Chini naandika: chanzo, mkondo, mdomo. Watoto wananakili, wanapaka rangi ya bluu, natia alama ya vema. Kwetu Korogwe mchoro huo una jina, kwa sababu mto uko hapohapo, unapita pembeni mwa mji. Kwenye ramani ni Pangani. Kuna wazee ambao kwao utabaki kuwa Ruvu. Tunasema umetoka Kilimanjaro na Meru, maji yake yakakusanyika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatushukia sisi, yakaenda zake baharini. Huko baharini kukoje, wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajui. Wengine wana miaka kumi na moja na Tanga mjini hawajafika.

Ijumaa tulianza na upande wetu. Tukatembea mpaka ukingoni, juu kidogo ya mashamba ya mpunga, na mkulima mmoja akakubali kusimama nasi kuangalia mamba. Sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa maji. Tukachomeka vigingi viwili ukingoni, mita 20 kutoka kimoja hadi kingine, tukarusha ganda la chungwa. Mtoto mmoja na saa yangu ya mkononi, wengine wote wanapiga kelele kama wapo uwanjani. Mara ya kwanza ganda lilinasa kwenye matete. Mara ya pili, sekunde 31. Mara ya tatu, 28. Wakaandika kwenye madaftari: "Maji yanaenda mashariki." Mimi mwenyewe ndiye niliyewasomea sentensi hiyo wainakili.

Leo kosta ilitakiwa saa kumi na mbili. Ikaja saa moja na robo, dereva akasalimia kana kwamba ndiyo kwanza kunakucha. Tukapita Hale, nikawaonyesha kwa kidole upande ambako mto huo huo unazungusha mitambo ya umeme: megawati 21 pale Hale, na 68 chini yake kwenye Maporomoko ya Pangani. Mmoja akauliza kama maji yakishatoa umeme yanabaki na nguvu. Swali zuri, nikalijibu vibaya, kwa sababu wakati huohuo mwenzake alikuwa anatapika dirishani. Muheza tukanunua machungwa, gunia zima, na kuanzia hapo hadi Pangani ni vumbi, mikonge, minazi na harufu ya maganda.

Tukafika karibu na saa tano. Mwenzangu wa historia alitaka tusimame mjini aeleze habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani akanyongwa Pangani Desemba 1889, na kusema kweli alistahili nafasi yake. Lakini watoto walikuwa wameshaona maji. Ukishaona maji mapana namna ile, na kivuko kinavuka kwenda Bweni kimebeba bodaboda na matenga ya kuku, Abushiri atasubiri.

Nikawapanga kwenye ukuta wa mawe karibu na gati. Mpango wangu ulikuwa rahisi: turudie jaribio la jana, tuone kama mto unapokaribia bahari unapunguza mwendo, kama kitabu kinavyosema. Binti mmoja wa dawati la mbele, yule asiyependa kukosea, akarusha ganda. Tukaanza kuhesabu. Ganda likasimama kidogo, likazunguka mahali pake, halafu likaanza kwenda kulia.

Bahari ilikuwa kushoto kwetu.

Nikadhani ni upepo. Nikamwambia arushe lingine, zito zaidi, nusu chungwa zima. Nalo likaenda kulia, tena kwa haraka, kuliko mwendo wa ganda letu la Korogwe. Chupa tupu ikapita, na tita la makuti, vyote vinapanda kwenda bara kama abiria waliosahau kitu nyumbani. Watoto wakanyamaza kwanza. Kisha mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, mto unarudi Korogwe!"

Sijui kama niliwahi kuona haya darasani kama pale. Kujaa na kupwa nakufahamu. Nimekufundisha pia, kwenye mada nyingine, wiki nyingine, na mchoro mwingine wenye mwezi na jua. Michoro hiyo miwili sijawahi kuikutanisha kwenye ubao mmoja.

Aliyetuokoa ni mzee wa boti tuliyekuwa tumemkodi. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba ndefu, akauliza juzi mwezi ulikuwaje. Mpevu, wakasema. "Haya. Sasa tuko kwenye bamvua, bahari inajaa na kupwa kupita kawaida, si kama siku za maji mafu inaposogea kidogo tu. Maji yamekupwa asubuhi, mmekuja yanaanza kujaa, na yatajaa mpaka saa kumi na kitu. Bahari ikija na nguvu namna hii mto unaipisha. Mje saa moja jioni muone unavyokimbia kutoka." Binti akauliza kama ganda lake litafika nyumbani. Mzee akacheka. Halitafika, akamwambia, kule juu kuna maporomoko, bahari haipandi ngazi. Ila chumvi inasogea. Maji ya bahari ni mazito, akasema, yanapita chini kimyakimya, juu unaweza kuteka maji baridi na chini yake kuna chumvi. Na siku hizi wakati wa kiangazi inapanda mbali kuliko alivyoiona alipokuwa kijana, kwa sababu maji yanayoshuka kutoka huko juu yamepungua.

"Huko juu ndiko kwetu," akasema mvulana mmoja.

"Ndiyo, ndiko kwenu," akajibu mzee, na akaenda kuwasha injini.

Nilitazama nyuso zao. Jana walisimama kwenye mfereji wa mpunga, wengine baba zao ndio wanaoufungua asubuhi. Sikusema neno. Ningelisema lingekuwa hotuba.

Tukapanda mto kwa mafungu, kila mtoto na boya lake la kuvaa. Mikoko niliifahamu kwa jumla tu, kama "miti ya pwani". Mzee aliitaja mmojammoja kama mtu anayetambulisha ndugu: huu ndio mkoko wenyewe, wenye miguu mingi iliyojipinda, nguzo za nyumba zilitoka hapa, ule ni mchu, mizizi yake inachomoza tope kama penseli zilizochomekwa kichwa chini. Akachuma jani la mchu, akawaambia walilambe upande wa chini. Walikunja nyuso wote kwa pamoja. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye jani. Nami nililamba. Ulimi wangu ulijua jambo ambalo miaka tisa ya chaki haikulijua.

Mbegu ya mkoko nayo iliwashangaza: inaota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama rula ya kijani, kisha inadondoka na kuchoma tope ikiwa tayari mche. Walikusanya zilizoelea, nikakataza, wakaficha mifukoni. Tuliposhuka kwenye tope tukaona kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakilipunga kwa pamoja, na samaki wanaoruka juu ya tope kwa mapezi yao kama vyura. Hapo ndipo mtoto mmoja alipopoteza kiatu cha kulia. Tulichimba kwa mikono, watu wazima wawili, bila mafanikio. Mama yake nimeshampigia, hakufurahi, na ana haki.

Jumatatu

Jaribio dogo la wiki, maswali kumi. La nne nililitunga mwezi uliopita na nikasahau kulibadilisha: "Mto Pangani unaelekeza maji yake wapi?" Jibu kwenye mwongozo wangu ni Bahari ya Hindi. 40 wameandika hivyo. Watano hawakujibu.

Yule wa kiatu ameandika: "Inategemea saa. Asubuhi baharini, mchana yanarudi mpaka kwenye maporomoko."

Saa nne usiku sasa, madaftari yote yamekwisha isipokuwa lake. Nimempa alama zote mbili. Halafu, kwa kalamu nyekundu, pembeni nimemwandikia: Na siku za maji mafu?