Kodiani ya dijitali, na pumzi inayokosekana kwenye vinanda vyetu

Ukipiga kinanda kwenye harusi za hapa Tabora lazima utakutana na mzee mmoja anakuja mpaka stejini kukwambia "kijana, tuwekee ile ya kodiani". Unaiweka, ni kubonyeza kitufe tu, watu wanafurahi, mzee anacheza. Ila mi kila nikiisikia kwenye spika naona kuna kitu hakipo. Sauti yenyewe ni ya kodiani kweli, walirekodi kodiani halisi kabisa, lakini ukishikilia nota inabaki imenyooka vilevile mpaka uiachie, hainuki haishuki.

Shida ni pumzi. Kinanda kinachojua ni umebonyeza kwa nguvu kiasi gani pale mwanzo, basi, baada ya hapo vinanda vyetu vingi havina habari na wewe. Kodiani kazi yote iko kwenye mivukuto: mkono wa kushoto unavuta na kusukuma hewa, hewa inatetemesha vijibao vya chuma ndani, ukikaza sauti inapanda, ukilegeza inanywea, ukibadilisha upande ghafla inapata kile kimkato ambacho ndo kinafanya watu wanyanyuke kwenye viti. Vidole vinachagua nota, mkono ndo unaimba.

Sasa Roland ya Japani waliliona hilo zamani tu, mwaka 2004 wakatoa V-Accordion, kodiani ya dijitali. Mle ndani hamna kijibao hata kimoja cha kutetemeka, ila mivukuto wameiacha makusudi, na ndani yake kuna sensa inapima presha ya hewa muda wote na kuupa ule ubongo wa sauti taarifa. Yaani ukivuta kwa hasira kinasikia. Baadaye 2013 wakaja na FR-8X, vitufe 41 mkono wa kulia na 120 vya besi kushoto, na kilichonimaliza mimi ni kwamba vile vitufe vya besi unaweza kuvipa ngoma, kwa hiyo mtu mmoja anapiga melodi, besi na dramu kwa pamoja, tena kwa kuvaa hedifoni usiku bila kugombana na majirani. Korg nao sasa hivi wana ya kwao, inaitwa Fisa Suprema.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Tabora tungelipenda. Kodiani nyingi za kawaida vile vijibao vimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Nta! Hii hii tunayochuja mkoa mzima. Uiache kodiani kwenye buti la gari juani mwezi wa kumi, nta inalegea, vijibao vinahama, na fundi wa kuvirudisha utamtafuta sana. Ya dijitali haina hilo, haipotezi tuni, ingawa na yenyewe ni kompyuta, umeme ukicheza cheza ujue roho yako iko juu.

Afu kuna robo tuni, yaani nota inayokaa katikati ya nota mbili za kinanda. Wapiga taarabu wanaelewa, kodiani ya kawaida haina nota za katikati mpaka mtu afungue na kukwangua vyuma vyenyewe, Wamisri walifanya sana hiyo kazi. Kwenye vinanda kama Korg Pa unashusha nota unayotaka robo kwa kitufe, wimbo ukiisha unairudisha.

Bei sasa. Hiyo FR-8X ikiwa mpya ni hela ya bodaboda kadhaa, sio moja, kwa hiyo kwa sisi wa send-off na kwaya tuache utani. Ninachowaambia wenzangu ni hiki, nunua pedali ya ekspresheni, ile ya kukanyaga inayopanda na kushuka, sio ya sasteini, ile ya kurefusha nota. Kwenye MIDI, ile lugha ya vyombo vya umeme kupeana taarifa ambayo ipo tangu 1983, ekspresheni ina namba yake, 11, na mivukuto ya V-Accordion inatuma namba hiyohiyo. Mguu wako unakuwa mivukuto. Haifiki pale pale, maana kodiani ukiikaza hata rangi ya sauti inabadilika na nota inashuka kidogo sana, pedali inakupa ukubwa wa sauti tu. Lakini ile nota iliyonyooka inaanza kupumua, na mzee atakuja stejini kukutunza.

Kabla hujaagiza Kariakoo geuza kinanda nyuma uangalie tundu. Yamaha za PSR-E nyingi zina la sasteini peke yake, PSR-S nyingi na SX ndo zinapokea ya ekspresheni. Na pedali za Yamaha na Roland waya zake zimepishana ndani ya jeki, ukichanganya sauti inaruka ruka au inagoma kushuka, utadhani umeuziwa feki.

Mi sasa nina wazo la kizembe kidogo. Kuna sensa ndogo za presha ya hewa, ukubwa wa ukucha, bei sawa na vocha, na wapo watu huko nje wameziweka kwenye kodiani zilizokufa wakazigeuza kuwa za MIDI. Kwa hiyo kama kuna mtu hapa Tabora au huko Kigoma ana kodiani ya babu imelala stoo, vyuma vimeshika kutu lakini mivukuto haijatoboka, aniandikie hapo chini tuelewane bei. Vyuma abaki navyo.