Kaseti ya bibi na ukimya uliokatwa

Jana usiku nilikesha na kompyuta hadi saa saba, nikijaribu kwa mara ya kwanza kumkabidhi msaidizi wa akili mnemba kaseti ya bibi, ile ambayo mjomba aliirekodi kwa redio kaseti barazani kwao Tanga, nasi wajukuu tumejazana mkekani. Kuihamishia kwenye kompyuta nilikwishafanya wiki iliyopita kwa waya mmoja na subira ya dakika 45 kila upande, kwa kuwa kanda haikimbizwi. Upande mmoja ulitoa faili la sauti la WAV la megabaiti 476 hivi.

Msaidizi huyu hahariri sauti yeye mwenyewe. Husoma ninachomwandikia kwa Kiswahili, akatunga amri ya FFmpeg, programu huria ya kuchakata sauti na video iliyoanza mwaka 2000, akanionyesha, kisha akangoja ruhusa. Nilimwomba aondoe muungurumo wa umeme, ule wa hezi 50 uliolala chini ya sauti ya bibi kama jokofu kuukuu, apunguze mchakacho wa kanda, na akate kila ukimya unaozidi sekunde moja. Niliipitia amri, nikaona kiwango cha sauti cha desibeli -35 (-35dB), sikukitilia maanani, nikaruhusu. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa, na ninakiri kwamba nilifurahi mapema mno.

Kisha nikasikiliza. Bibi anasema "Paukwa!" na papo hapo anaingia kwenye hadithi, kama mtu anayejisemea peke yake. "Pakawa!" yetu haipo. Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani masikio yamechoka, ndipo nikaelewa kwamba sisi tulikaa mbali na redio, sauti zetu zikanaswa hafifu, chini ya kile kiwango cha desibeli, na kwa programu chochote kilicho chini ya hapo ni ukimya. Basi jibu letu lilikatwa pamoja na kituo ambacho bibi alikiweka makusudi ili atusubiri. Simlaumu msaidizi, kwani agizo lilikuwa langu, ingawa fundi wa sauti aliyelelewa kwenye hadithi angesita pale hata kama ameagizwa.

Bahati nzuri nilikuwa nimemkataza kugusa faili la asili, kila toleo akaliweka kwenye folda ya pembeni. Nikaanza upya bila kukata lolote: muungurumo uondolewe, mchakacho upunguzwe kidogo tu, hata kama kanda itaendelea kusikika kama manyunyu juu ya bati. Aliniuliza kama ninataka sehemu zenye sauti za mbali zipandishwe, nikampa sekunde nne za majaribio. "Pakawa!" ikatoka, sote kwa pamoja, isipokuwa mmoja aliyechelewa nusu pumzi, na baada yake kikohozi cha mjomba, karibu kabisa na maikrofoni.