Kadi ya zaka unayo, Ukristo je?

Huku Bagamoyo akifariki Mkatoliki, turubai halijafungwa vizuri watu washaanza kuulizana, marehemu alikuwa anasali jumuiya gani (vile vikundi vya sala vya majirani) na kadi yake ya zaka, ile inayoandikwa michango yake ya kanisa, iko wapi. Mwenyekiti wa jumuiya akipigiwa simu akasema huyo mi simjui basi familia inaanza kuhangaika mtu wa kwenda kuwasemea kwa paroko ili azikwe na kanisa. Sina ugomvi na jumuiya jamani, nasali hukohuko na michango natoa (kwa kununa kidogo, lakini natoa), na ukiumwa ndio hao hao wanaokuja na uji. Ila tumefika mahali kadi ndio imekuwa Ukristo wenyewe.

Mi nikipita pale misheni namuwazaga sana Susi, mmoja wa watumishi wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Wageni wanaonyeshwa mnara ambao mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla haujavushwa Zanzibar, wanapiga picha wanaondoka, waliombeba hata hawawaulizii. Livingstone alifia kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na watu wake wangeweza kumzika hapohapo wakajiendea zao maana hamna Mzungu aliyekuwepo wa kuwasimamia. Wao wakauzika moyo chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaufunga kwenye gome la mti, wakatembea nao miezi na miezi mpaka pwani, wengine wakafia njiani. Waliowaongoza ni Chuma na Susi. Chuma alikuwa ameshabatizwa India, Susi bado, yeye alibatizwa 1886 akaitwa Daudi. Yaani kazi ile yote ya uaminifu ameifanya hayumo kwenye daftari la kanisa lolote!

Sasa sisemi Susi alikuwa Mkristo wa siri, hapana, huko ni kumvunjia heshima, alikuwa na imani yake. Na majirani zangu Waislamu humu mtaani wengi ni watu wema kuliko mimi na hawataki kabisa kuitwa Wakristo, kwa hiyo wema peke yake sio jibu. Mkristo kwangu mimi ni mtu aliyemshika Kristo, anaamini alikufa akafufuka, halafu imani hiyo ikashuka mpaka mfukoni na mdomoni. Yule mwizi msalabani hakubatizwa wala hakuwahi kutoa zaka, aliomba tu akumbukwe, akaambiwa leo hii utakuwa nami peponi. Kornelio, yule askari wa Kirumi kwenye Matendo ya Mitume, naye Roho alimshukia kwanza, maji yakaja baadaye. Ubatizo naupenda na Ekaristi siwezi kuiacha, ila hivyo ni vya kumlisha mtu ili akaishi, sio vya kuwekea mhuri.

Na mahali pa kumjulia mtu ni nyumbani kwake, kanisani wote tunapendeza. Muulize dada wa kazi. Kuna watu bahasha ya ujenzi wa kanisa inawahi kila mwezi, jina linasomwa, makofi, halafu binti anayewapikia na kuwafulia anadai mshahara wa tangu kabla ya Kwaresima na akiuliza anaitwa hana adabu. Na mama huyo huyo ndio kiongozi wa rozari eti. Yesu alishasema sio kila aniitaye Bwana, Bwana, na kwenye Mathayo 25 walioulizwa waliulizwa habari ya njaa, kiu, uchi, ugonjwa na kifungo, hamna swali la mahudhurio hata moja.

Halafu Zakayo, yule mtoza ushuru, huyu ndio nampenda kuliko wote. Alipoguswa alitoa nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne, ndipo akaambiwa wokovu umefika nyumba hii. Angalia hela zilikwenda wapi, zilikwenda kwa maskini na kwa watu aliowaumiza, hekaluni haijaandikwa alipeleka hata senti. Nilimwambia hivyo mweka hazina wetu akacheka mpaka akakaa chini, akasema sawa ndugu yangu nimekuelewa, sasa lete mchango wa kigango.