Ninavyolinganisha injini za pikapu za dizeli: toki, nguvu farasi na resi unayotembelea

Nikipewa karatasi ya injini ya pikapu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni resi: toki ya juu, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, inaanzia mizunguko mingapi kwa dakika na inaishia mingapi. Nguvu farasi naziangalia baadaye. Dalali atakutajia 204 kwa sauti kubwa, lakini zile 204 za Hilux ya lita 2.8 zinapatikana ukifika kama 3,400. Dereva anayetoka mwalo wa Kirumba hapa Mwanza na sangara ndani ya barafu hafiki huko mara nyingi. Yeye anatembelea kati ya 1,500 na 2,500.

Kabla ya kulinganisha chochote ninageuza namba zote ziwe kW (kilowati, za nguvu) na Nm (nyutonimita, za toki). Injini ya kW 150 inaandikwa nguvu farasi 201 kwa kipimo cha Kiingereza na 204 kwa kile cha Ulaya na Japani, kwa hiyo gari mbili zinazoonekana kupishana kidogo zinaweza kuwa sawa kabisa. Toki ikija kwa pauni-futi, zidisha kwa 1.356 upate Nm. Kisha hesabu inayobeba kazi yote ni hii: kW = Nm × mizunguko kwa dakika ÷ 9,549.

Uzuri wake ni kwamba inakupa mpaka namba ambazo karatasi imezinyamazia. Hilux ya 2.4, toleo la Nm 400, ina toki hiyo kuanzia 1,600 hadi 2,000, na kW 110 kwenye 3,400. Geuza hesabu: 110 × 9,549 ÷ 3,400 ni Nm 309. Maana yake ukipita 2,000 toki inashuka taratibu, na kuivuta mpaka 3,500 ukiwa na mzigo ni kuchoma mafuta tu. Isuzu D-Max ya 3.0 mpya, injini ya 4JJ3, ina Nm 450 kuanzia 1,600 hadi 2,600, na kW 140 kwenye 3,600, yaani huko juu bado ina Nm 371. Eneo lake la kazi ni pana zaidi, dereva habadilishi gia kila mara. Mitsubishi L200 ya 2.4 inaandikwa kW 133 na Nm 430, namba zinazoizidi Hilux ya 2.4 pande zote mbili, ila hizo 430 ziko kwenye 2,500. Kwa mtu wa safari ndefu za Shinyanga haina shida. Kwa mtu wa mzigo na vilima vya mjini, nitamwambia aijaribu kwanza kwenye 1,600.

Ulizia pia giaboksi. Hilux ya 2.8 ya kuanzia 2020 ina Nm 500 kwenye otomatiki, lakini ya manyuali ina Nm 420. Tangazo litaandika 500 hata kama gari lililopo uwanjani ni la manyuali.

Sasa chukua mlima wa asilimia 8, pikapu na mzigo kilo 3,000 jumla, mwendo wa km 60 kwa saa. Mvuto wa mlima ni 3,000 × 9.81 × 0.08, karibu N (nyutoni) 2,350. Ongeza kama N 440 za matairi kwenye lami na N 190 za upepo, unafika karibu N 2,980. Zidisha kwa mita 16.7 kwa sekunde: kW 50 kwenye matairi. Giaboksi na difu zinakula kama asilimia 10, kwa hiyo injini itoe kW 55, sawa na nguvu farasi 75. Karibu kila pikapu inazo. Swali ni zinapatikana kwenye resi gani. Kwenye 1,600 unahitaji Nm 328, na Hilux ya 2.4 inazo 400. Land Cruiser ya 4.2 isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa), ile yenye injini ya 1HZ, kilele chake ni Nm 285 kwenye 2,200, na hiyo ni usawa wa bahari. Mwanza tuko mita 1,140 hivi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100, hivyo zinabaki kama 253. Mlima uleule kwenye 2,200 unadai 239. Itapanda, lakini kwa gia ya chini na bila akiba. Injini ya turbo inajisukumia hewa, hivyo urefu huu hauiumizi sana.

Hata hivyo 1HZ siidharau. Kwenye kuvuta boti kutoka majini kwa tela, au kupanda ngazi ya kivuko pale Kamanga, unaanza kwenye 1,000, na hapo injini ndogo ya turbo bado haijapata hewa. Dereva wa manyuali hujibu kwa kukanyaga mafuta huku ameshikilia klachi nusu, na klachi inanuka siku hiyohiyo. Weka 4L, ile gia nzito ya fowili: inazidisha toki karibu mara 2.5, na klachi unaiachia yote.

Gari lililotumika nalipima lenyewe. Tafuta lami tambarare upande wa Kisesa, gia ya tatu, kanyaga mpaka mwisho kutoka km 40 hadi 80, pima muda, rudia ukirudi ulikotoka. Gari la kilo 2,200 likitumia sekunde 9, ukijumlisha matairi, upepo na kinachopotea kwenye difu, injini imetoa wastani wa kW 60. Kama mshale wa resi kwenye km 60 ulisimama 2,400, hiyo ni Nm 239. Kwa Hilux ya 2.4 ambayo hata kwenye 3,400 inatakiwa kuwa na 309, injini hiyo inaumwa.

Chomeka skana usome presha ya hewa ya manifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, Mwanza isome karibu kPa 88. Ikisoma 100, sensa inadanganya. Chini ya mzigo mzito ipite 200. Isipofika na kuna moshi mweusi, anza na mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo), kagua pale kwenye klampu kama kuna mafuta yanayovuja, kisha masizi ya EGR, vali inayorudisha moshi kwenye injini. Presha ya hewa ikiwa nzuri na bado gari ni zito, badilisha kichujio cha dizeli kwanza, ndipo uguse nozeli. Na ukikuta matairi yamebadilishwa kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kimeongezeka asilimia 3.4, na mvuto barabarani umepungua kiasi hichohicho kabla hujamlaumu fundi.